Mnunuzi Aliyeongeza Bei

Masudi alikuwa anatawadha kwa ajili ya sala ya alasiri aliposikia watu wawili wakiingia uwanjani kwake bila kupiga hodi. Mmoja alikuwa anahema kama aliyetoka mbio. Masudi aliweka birika chini na kugeuza uso kule zilikotoka hatua. Macho yake hayakuweza tena kumwambia nani amekuja. Yalimpa mwanga na kivuli tu, basi.

"Papa Masudi, jambo. Miye Anaclet. Nimekuletea franga yako. Yote, mara moja."

"Leo?" Masudi aliuliza. "Si tulisema kesho asubuhi, kwenye banki?"

"Kesho na leo, iko tofauti gani? Franga njo hii hapa. Kamata kwa mukono wako."

Kitu kizito kilitua chini karibu na miguu yake. Lilikuwa gunia la pesa.

Nyuma ya nyumba, mke wake Mwanvua alikuwa anatwanga sombe, majani ya muhogo. Mchi wake ulikoma palepale. Alijifuta mikono, akakaza kikwembe kiunoni, akaja.

Huko Alunguli, ng'ambo ya mto kutoka mjini Kindu, hapakuwa na mtu asiyeijua Landrova ya Masudi. Aliinunua kwa Mgiriki mmoja aliyefunga duka na kurudi kwao, na kwa miaka mingi aliendesha kwenda Kailo na Pangi, akibeba mchele, mawese, wafanyabiashara, wagonjwa, na mara moja bibi harusi pamoja na mbuzi wake. Halafu mtoto wa jicho akaanza kumfunika, kwanza jicho la kushoto, kisha la kulia. Siku alipokaribia kumgonga mwanamke aliyebeba kuni njiani, alishuka, akaketi juu ya tairi, na hakushika tena usukani. Daktari mmoja alimwambia kwamba huko Bukavu kuna hospitali inayoweza kumfungua macho. Gharama yake ilikuwa kubwa kuliko kitu chochote walichokuwa nacho, isipokuwa gari lenyewe.

Basi wakatangaza kuliuza, na Anaclet akatokea. Alikuwa mfanyabiashara mnene, msemaji, aliyekaa upande wa mjini. Sheria ya siku zile ilikataza majina ya ubatizo, na kwenye karatasi zake alijiandika jina jingine, lakini watu waliendelea kumwita Anaclet. Alibishana na Masudi kwa muda mrefu. Alilalamikia tairi la akiba, akalalamikia springi, akalalamikia hata mlango wa nyuma uliofungwa kwa kamba. Kila lalamiko lilipunguza bei. Mwishowe walipatana, na hapo ndipo Mwanvua alipoweka sharti lake.

"Franga italipwa kwa gishe, pale dirishani," alisema. "Mbele ya muntu wa banki. Yeye aihesabu, aitazame, aiweke kwenye konti ya Papa Masudi. Akisha kusema imeingia, njo utapata ufunguo na karte-roze."

Karte-roze ndiyo kadi ya gari. Asiye nayo hapiti hata kizuizi kimoja cha askari. Mwanvua hakusema hivyo kwa ukaidi. Mdogo wake, Sumaili wa Kailo, aliwahi kuuza gari dogo kwa mtu aliyevaa vizuri, akapewa sheki. Sheki ilipofika banki ilirudi kama ilivyokwenda, bila franga yoyote nyuma yake. Gari lilikuwa limekwisha kuvuka mpaka. Sumaili alibaki na ile karatasi, akiwaonyesha watu kana kwamba mmoja wao angeweza kuifufua.

Anaclet alicheka siku ile, lakini alikubali. Walipatana wakutane banki Jumatano asubuhi.

Leo ilikuwa Jumanne, tarehe ishirini na tano Desemba, mwaka wa sabini na tisa. Noeli haikuwa sikukuu tena kwa serikali. Ofisi zilifanya kazi, banki ilifanya kazi na kufunga mchana kama kawaida yake. Wakristo wangekwenda kusali jioni, baada ya kazi.

"Jambo, Bwana Anaclet," Mwanvua alisema. "Mbona mumekuja bila kutuma neno?"

Macho yake yalikuwa kwa yule mtu wa pili. Alikuwa mwembamba, amevaa abakosti, ile suti ya siku zile isiyo na tai, ya kijivu na iliyopigwa pasi vizuri, na alama ya chama kifuani. Hakuwa amesalimia mtu.

"Huyu ni Sitwayeni Séraphin," Anaclet alisema. "Rafiki yangu. Anafanya kazi ya usalama." Sitwayeni, yaani mwananchi, ndivyo serikali ilivyotaka watu waitane. Anaclet hakusema usalama wa ofisi gani. "Mama, nisikilize. Kesho nina safari. Sina nafasi ya kwenda kusimama kwa gishe. Banki inakata watu kwa kila kitu, unajua mwenyewe. Nimeona nikuletee franga nyumbani, kamili. Hesabuni, tuandike karatasi, Sitwayeni awe shahidi, nishike njia."

Alifungua gunia. Ndani zilikuwa noti za zaire kumi, fedha ya siku zile, zimefungwa kwa kamba za migomba, vifungu juu ya vifungu. Mwanvua alikuwa hajaona franga nyingi namna ile maishani mwake. Majirani walikuwa wameanza kusogea uzioni. Kasimu, aliyepakana nao upande wa barabara, aliegemea nguzo na kupiga mluzi.

"Eh, Papa Masudi! Leo Mungu amekukumbuka!"

Masudi alitabasamu. Mkono wake ulikuwa umekwisha kuingia ndani ya gunia, ukipapasa. Mwanvua aliuona uso wake, akajua kwamba moyoni alikuwa amekwisha kupanda ndege ya Bukavu.

"Tunashukuru," alisema polepole. "Tutavuka kesho alfajiri. Banki ikifungua, tutakuwa pale pamoja nawe. Kisha ushike njia yako."

Anaclet alitazama saa yake. Halafu akatazama jua, kana kwamba hakuiamini saa.

"Mama, nimesema kesho sina nafasi."

"Basi kesho kutwa. Gari haliendi mahali."

Anaclet aliingiza mkono mfukoni, akatoa kifungu kingine cha noti na kukitupa juu ya gunia. "Hii njo ya usumbufu. Juu ya bei."

Uzioni watu waliguna. Mwanvua hakukigusa kile kifungu. Anaclet alisubiri kidogo, akatoa cha pili. Jasho lilikuwa linamtiririka nyuma ya masikio, ingawa kivuli cha nyumba kilikuwa kimefika hapo aliposimama.

"Na hii. Unataka nini tena? Nivue na viatu?"

Kasimu alicheka kwa sauti. "Mama Riziki, chukua! Ukikataa, nipe miye!"

Mama Riziki ndilo jina majirani walilomwita Mwanvua. Riziki alikuwa binti yao, aliyeolewa Pangi. Mwanvua alitamani angekuwepo. Masudi hakuona kile alichokuwa anakiona yeye: jinsi Anaclet alivyokuwa hatulii, jinsi macho yake yalivyokwenda mtoni na kurudi. Na Mwanvua hakuwa na jina la kuliita jambo lile. Alijua tu kwamba mtu huyu alikuwa anakimbia, na hakujua anakimbia nini.

Sasa Séraphin alisema kwa mara ya kwanza. Sauti yake ilikuwa ya upole.

"Mama. Chukua noti moja, uniambie. Iko na picha ya nani?"

Mwanvua hakuhitaji kuichukua. "Ya Rais."

"Ya Rais. Na weye unaikataa."

Vicheko vya uzioni vilikatika. Mwanamke mmoja alimshika mwanawe mkono akaondoka naye. Watu wote pale walijua jinsi neno dogo linavyoweza kuvuka mto likiwa dogo na kufika ofisini likiwa na pembe na mkia. Jirani yao mmoja alikuwa amelala rumande kwa sababu alifungia sabuni katika gazeti lenye picha ya Rais.

Mwanvua alimfukuza kuku mmoja aliyesogelea gunia.

"Sikuikataa, baba," alisema. "Ninaiheshimu. Njo maana sitaki ihesabiwe hapa chini, katikati ya kuku, na mwanamuke aliyetoka kutwanga sombe. Franga iko na picha ya Rais, basi ihesabiwe kwa banki, na muntu wa serikali atie muhuri. Kesho asubuhi tutakwenda sisi wote. Nikiikataa pale, unipeleke unakotaka."

Mtu mmoja uzioni alikohoa, na kikohozi kile kilifanana sana na kicheko. Séraphin aligeuka kumtafuta, hakumwona.

"Mwanvua." Alikuwa Masudi. Alikuwa amesimama, uso umemkunjamana kwa haya. "Wageni wamekuja na franga kamili. Wameongeza. Wanasimama uwanjani na weye unawafundisha kazi. Leta karatasi."

Karte-roze ilikuwa ndani ya kikwembe chake, imefungwa kwenye kitambaa, imelala kwenye ngozi ya tumbo. Alikuwa anaibeba hivyo tangu siku walipotangaza kuuza.

"Baba Riziki," alisema, "siileti."

Tangu waoane hakuwahi kumjibu hivyo, hata chumbani, sembuse mbele ya watu. Kasimu alisema "Loo!" kwa sauti ya chini.

"Unaona?" Anaclet alimgeukia Masudi, akamshika bega. "Wewe njo mukubwa wa nyumba ama yeye? Gari ni la nani? Tia kidole kwenye karatasi hii tu, mengine tutamaliza sisi. Haraka, papa. Haraka, kiza kinakuja."

Neno hilo la haraka ndilo lililomgeuza Masudi. Mwanvua alimwona akitulia, kichwa kikiinama upande, kama alivyokuwa akifanya zamani akisikiliza mlio mbaya ndani ya injini.

"Kiza?" Masudi alisema. "Jua bado liko juu, ninalisikia usoni. Bwana Anaclet, wiki iliyopita ulinipunguzia bei kwa sababu ya tairi la akiba. Uliingia chini ya gari na abakosti yako nzuri kutafuta kutu. Leo hukuligusa gari. Hukuuliza kama linawaka. Umeongeza mara mbili na hakuna aliyekuomba."

"Ni wema wangu."

"Nimebeba abiria miaka mingi. Abiria anayelipa kabla hajaulizwa, mzigo wake una kitu ndani. Sijui chako ni nini. Lakini mke wangu amesema kesho, na miye nasema kesho."

Anaclet aliacha kutabasamu. Mkono wake ulishuka kutoka begani hadi mfuko wa kanzu ya Masudi, ambamo umbo la ufunguo lilikuwa linaonekana. Masudi aliuwahi kwa kiganja. Wakavutana, yule mzee asiyeona na yule mtu mnene, huku kanzu ikipasuka polepole kwenye mshono. Séraphin alikuwa amekwisha kufungua mlango wa Landrova.

Mwanvua alikimbia nyuma ya nyumba. Aliporudi alikuwa na mchi wa kutwangia mikononi, bado umeloa majani ya sombe, na aliushika kwa mikono miwili kama mtu anayejua uzito wake.

"Mwachie."

Anaclet alimtazama, akautazama mchi.

"Mwachie, Bwana Anaclet. Gari hili ukilichukua bila karatasi, askari wa kizuizi cha kwanza watalifanya lao. Na karatasi niko nayo mwilini. Ukitaka kuitafuta, itafute mbele ya Alunguli nzima."

Watu walikuwa wameongezeka. Wanaume wawili waliotoka msikitini walikuwa wameingia uwanjani, wamesimama tu, tasbihi mikononi. Séraphin aliwahesabu kwa macho. Akafunga mlango wa gari taratibu.

"Twende," alimwambia mwenzake. "Muda."

Anaclet aliachia kanzu. Alirudisha vifungu ndani ya gunia, akiangusha, akiokota, na kwa mara ya kwanza Mwanvua aliona kwamba mtu yule alikuwa na hofu kuliko yeye.

"Nitakukumbuka, mama," Séraphin alisema. "Jina lako na nyumba yako."

Walikuwa wanatoka Kasimu alipopaza sauti kutoka uzioni. "Bwana! Miye siogopi franga! Nina pikipiki, bado mupya, na karatasi zake zote. Na mchele niko nao, gunia kwa gunia. Ingia kwangu!"

Anaclet alisimama. Alitazama jua tena, halafu akaingia kwa Kasimu.

Mwanvua aliweka mchi chini na kwenda uzioni. "Kasimu, ndugu yangu, ngoja kesho. Mwambie akulipie kwa banki. Muntu huyu hayuko sawa."

"Mama Riziki," Kasimu alijibu, bila hasira, akicheka bado, "bahati imekuja kwako ukaifungia mlango. Usimzuie jirani kufungua wake."

Baada ya muda mfupi pikipiki iliunguruma. Walitoka wawili, Séraphin mbele, Anaclet nyuma amelikumbatia gunia la franga lililokuwa limepungua, magunia mawili ya mchele wa Kasimu yamening'inia ubavuni, wakashika barabara ya Pangi, vumbi likipanda nyuma yao.

Masudi alisali peke yake, amechelewa. Kisha aliketi mlangoni. Mwanvua aliketi karibu na sufuria ya sombe ambayo hakuwa ameiweka motoni. Jua lilitua, adhana ya magharibi ikasikika na ikapita.

"Umenivua nguo mbele ya watu," Masudi alisema hatimaye.

"Najua."

"Na baadaye nikasimama upande wako. Sijui kama nilifanya vizuri. Labda ningekuwa nimefungua macho yangu kwa ile franga, na sasa mnunuzi amekwenda. Nani mwingine atanunua gari la mzee kipofu?"

Mwanvua alilia bila kutoa sauti, lakini Masudi alisikia pumzi yake, akanyoosha mkono gizani hadi akaupata mguu wake, akauacha mkono pale. Yote mawili yalikuwa yanamwogopesha Mwanvua: kwamba alikuwa amemfungia mume wake njia ya kuona tena, na kwamba yule mtu wa abakosti angerudi.

Kwa hiyo aliposikia mtu akikimbia kuja nyumbani kwao, aliinuka na kuutafuta mchi.

Alikuwa Kavugho. Kavugho alikuwa mwanamke wa Butembo, mwenye duka la chumvi, vitambaa na betri karibu na kivuko, na ndugu zake walikuwa na malori. Alikuwa amevaa kikwembe chake cha kwenda kusali, na kilemba kilikuwa kimemwangukia shingoni.

"Mama Riziki! Mumeuza gari? Niambieni hamjauza!"

"Hatujauza. Kuna nini?"

Kavugho aliketi chini palepale, kwenye vumbi, na nguo yake nzuri. "Asante Mungu. Nilisikia watu wakisema mumeletewa gunia. Radio imetangaza sasa hivi. Noti za zaire tano na za zaire kumi, zimekufa. Haziko franga tena. Wametoa siku chache za kubadilisha kwa banki, na kila muntu na kiasi chake, zaidi ya hapo ni karatasi tu. Mipaka imefungwa."

Masudi alisimama. Alishika ukuta. "Rudia."

Kavugho alirudia. Kabla hajamaliza, Mwanvua alikuwa amekwisha kuruka uzio.

Kasimu alikuwa sebuleni, taa ya mafuta mezani, na mke wake Jamila amekaa mkekani. Walikuwa wamepanga vifungu kama matofali. Waliinua nyuso zote mbili zikiwa na furaha.

Mwanvua alisema alichokisikia. Kasimu alicheka. Alimwita mwenye wivu. Kisha Kavugho akaingia nyuma yake, akasema yaleyale, na kwa mbali, kutoka upande wa barabara, zikaanza kusikika sauti za watu wakiitana nyumba kwa nyumba, mtu akipiga yowe kama kwenye msiba. Kasimu aliacha kucheka. Alichukua noti moja, akaileta karibu na taa, akaitazama mbele na nyuma.

"Lakini haina kosa," alisema. "Iko nzima. Tazameni. Iko nzima."

Jamila alianza kurudisha vifungu ndani ya kapu, kimoja kimoja, kwa uangalifu mkubwa, kama anayefunga mtoto aliyekufa.

Baadaye watu walisema kwamba Anaclet alipata habari mchana uleule kwa simu ya upepo, kutoka kwa shemeji yake wa Kinshasa, baada ya banki kufunga mlango. Wengine walisema si shemeji. Ukweli wake hakuna aliyeujua, wala Anaclet hakuonekana tena Kindu. Séraphin alionekana mara moja, mjini, bila alama kifuani, na hakumwuliza mtu yeyote habari za Mwanvua.

Usiku ule Kasimu hakulala, na alfajiri alikuwa mlangoni kwa Masudi. Alikuja kwa hasira. Alisema walijua, kwamba walimwacha atumbukie. Mwanvua alimsikiliza hadi mwisho.

"Nilikuonya uzioni," alisema. "Hukusikia. Lakini tusipoteze asubuhi kwa hilo. Kila muntu ana kiasi chake cha kubadilisha. Weye na Jamila, vyenu havitoshi kwa kapu lile. Sisi hapa tuna akiba kidogo tu, haifiki hata nusu ya kiasi chetu. Lete zilizobaki. Nitazipeleka kwa jina langu, na Papa Masudi kwa jina lake."

Kasimu aliketi kwenye kizingiti.

"Wakikuuliza umezipata wapi?"

"Nitasema nimeuza mchele. Si mchele umeuzwa?"

Masudi alikuwa anafikiria yale maneno ya Séraphin, jina lako na nyumba yako, na jinsi kusimama mbele ya askari na franga ya mtu mwingine kulivyoweza kummaliza mtu. Kisha akaomba fimbo yake.

Walivuka kwa mtumbwi. Upande wa pili watu walikuwa wamejaa kutoka mlango wa banki hadi njia ya reli, wakisukumana, na askari wakipiga kwa mikanda. Mwanvua alifunga noti za Kasimu tumboni, mahali pale pale palipokuwa na karte-roze, na akamshika Masudi kiwiko. Askari mmoja alimvuta pembeni, akamwuliza mzee huyu kipofu anataka nini na franga. Masudi akajibu mwenyewe, kwa sauti kubwa, kwamba anataka kununua macho. Askari alicheka, akamsogeza mbele.

Walirudi siku iliyofuata, na iliyofuata tena. Noti ndogo za kubadilishia zilikuwa zinaisha kila mara kabla mstari haujafika nusu. Mwishowe Mwanvua alifika gishe, na Masudi alifika gishe. Walichokipata hakikufika thamani ya pikipiki, wala ya mchele. Labda kilifika thamani ya magurudumu mawili na kapu moja. Sehemu ya akiba yao wenyewe ilibaki bila kubadilishwa, kwa sababu Mwanvua alikuwa ametanguliza za Kasimu. Aligundua hilo wakiwa tayari mtumbwini. Masudi alipoambiwa, alichovya mkono mtoni, akasema, "Basi."

Kasimu alizipokea zile franga bila kushukuru. Aliziweka mfukoni, akaingia ndani. Ni Jamila aliyekuja jioni na kuku, akamfunga miguu mlangoni kwao, akaondoka kabla hawajatoka.

Landrova ilinunuliwa na Kavugho, miezi mitatu baadaye. Franga ilikuwa ngumu kupatikana Kindu nzima, kwa hiyo walipatana kwa namna nyingine: Kavugho angelipa hospitali ya Bukavu kupitia ndugu zake, angelipa tiketi ya ndege, na kilichobaki angekitoa kwa chumvi na vitambaa kutoka dukani. Mwanvua alikubali. Lakini chumvi aliipima mwenyewe, na vitambaa alivikunjua kimoja kimoja kutafuta matundu, na karte-roze haikutoka tumboni mwake hadi ujumbe uliporudi kutoka Bukavu kwamba hospitali imepokea, na jina la Masudi limeandikwa.

"Nisamehe, Mama Kavugho," alisema alipompa. "Weye ni rafiki yangu."

"Rafiki njo mtu wa kwanza wa kuhesabiana naye," Kavugho alijibu. "Ama kesho hatutakuwa marafiki."

Jicho la kushoto lilishindikana. La kulia lilifunguka. Masudi alirudi amevaa lineti, miwani nene kama kitako cha chupa, akiwa amekonda, akisema chakula cha Bukavu hakina mawese ya kutosha. Alimtazama Mwanvua kwa muda mrefu pale uwanja wa ndege, hadi mke wake akaona haya na kujifunika uso kwa kikwembe.

"Nini?" alimwuliza.

"Hakuna," Masudi alisema. "Umezeeka vizuri. Twende nyumbani."